Karibu Chakura

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwauliza watu wao ni akina nani. Nimerekodi wafugaji waliohamia Kaniha na ng'ombe wao, na wengine wengi wanaoishi maisha ambayo jirani zao huyashangaa. Nikishapata picha zangu, naondoka. Sijawahi kukaa mahali muda wa kutosha mtu akaniuliza mimi.

Filamu ninayoipenda kuliko zote inamhusu dereva wa lori niliyemkuta Lusahunga. Hana nyumba. Jiko, godoro na picha za wanawe, vyote vimo ndani ya gari. Maelezo ya filamu niliyasoma mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka, na kunyooka huko hakukuja bure. Nilifika chuoni nikichanganya l na r kama wengi wa kwetu Ngara. Siku moja nikamwambia mwenzangu kwamba mimi nimeshakura, na darasa zima likataka kujua kura yangu nimempa nani. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nikawa najifungia chumbani nikifanya mazoezi kama kichaa, mpaka l ikakaa mahali pake nami nikapata sauti ya redioni.

Mwaka jana niliipeleka filamu hiyo Bugarama, kwa mama. Tuzo nilikuwa nazo. Kwake nilitaka neno moja tu: kwamba huyu ni mwanangu.

Niliweka kompyuta mezani, akavuta kiti. Alimpenda dereva mara moja, akalisikitikia godoro lake jembamba. Filamu ilipokaribia mwisho akaniuliza, kwa Kihangaza tulichozungumza maisha yetu yote, yule anayesema bila kuonekana ni nani. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema dereva hana shida, ana kwao na kila mara anataja alikotoka. Anayemwonea huruma ni yule mwingine, maana hata umsikilize vipi hujui ametoka wapi.

Nikamwambia ni mimi.

Aliomba niirudishe nyuma kidogo. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema ni sauti nzuri, akaenda jikoni. Nilibaki pale na mashine yangu. Nimelala peke yangu katika nyumba za wageni nisizokumbuka hata idadi yake, lakini upweke wa mchana ule, kwenye kiti cha nyumbani kwetu, sikuwahi kuujua.

Chakula kilipoiva alikuja mlangoni. Amejifunga kitenge chake cha kanisani. Mama anakijua Kiswahili cha sokoni na cha ofisi ya kijiji, ila nyumbani hukitoa kwa wageni tu.

"Karibu chakura, baba," akaniambia.

R yake ilikuwa palepale nilipoiacha. Nikamjibu haraka kwa Kihangaza, maneno mengi kuliko yaliyohitajika: kwamba nakuja, kwamba ndizi zinanukia hadi huku, kwamba hakuna anayepika maharage kama yeye. Nilikuwa namsihi, ingawa nilizungumzia chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, na usoni pake sikuona utani.

"Kihangaza unakisema vizuri," akasema, bado kwa Kiswahili. "Umejifunzia wapi?"