Mkanda Niliofungua Mbele ya Kanisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bibi aliyeniuma mkono. Ilikuwa nyumba ya wazee huko Grand Prairie, karibu na Dallas, Marekani, na nesi wa zamu alikuwa Mfilipino mfupi asiyejua kubembeleza mtu. Nilimpelekea alama za meno azione. Akatazama, akasema, "Ngozi haijapasuka. Osha, andika, urudi umalize kumvalisha." Nikaosha, nikaandika, nikarudi. Ndivyo nilivyoingia kazi hii, nikiwa na miaka hamsini na mitatu na darasa la saba la Kenya.

Nilikuwa nimekuja Arlington kulea mjukuu wangu Moraa. Alipoanza shule nikabaki na kuta. Arlington bila gari ni kifungo, kwa hiyo mwanangu akanifundisha kuendesha, nikasoma wiki chache, nikapata cheti cha msaidizi wa wauguzi. Kuna walionicheka kwamba nimevuka bahari kuja kuosha makalio ya wazungu. Niliosha, tena niliosha vizuri. Miaka yote ile hakuna mzee wangu aliyepata kidonda cha kulalia, kile kinachochimba nyama hadi mfupa mtu akiachwa alale upande mmoja. Dawa yake si malhamu. Ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, utake usitake.

Nesi yule ndiye aliyenifundisha mkanda. Sisemi mkanda wa suruali. Ni kitambaa kipana, kigumu, unamfunga mzee kiunoni juu ya nguo, halafu wewe unashika kwa nyuma, kiganja kikitazama juu. Akiyumba unamvuta kwako. Akianguka unamteremsha taratibu juu ya goti lako mpaka chini. Asiye na mkanda utamshika wapi? Utashika mkono, na mkono wa mzee hung'oka begani kama bawa la kuku aliyeiva.

Kutoka hapo nilienda Mesquite, chini ya msimamizi aliyependa karatasi kuliko watu. Mwanangu alipohamia Houston nikafanya huko mwaka na nusu, kwenye wodi ya waliopoteza kumbukumbu, ambako mzee mmoja alinishika mkono kila siku kuniambia nyumba yake inaungua. Tukarudi Arlington. Miguu ilikuwa imechoka, nikaingia kampuni inayoangalia wazee majumbani kwao, mgonjwa mmoja, nyumba moja. Bosi wangu wa mwisho alikuwa Mkurugenzi wa Uuguzi wa kampuni hiyo, mwanamke mweusi mzaliwa wa Dallas, mrefu, mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Nino.

Mzee Nino alikuwa fundi wa sakafu za marumaru. Alizaliwa kusini mwa Italia, mji wa mlimani, akaja Fort Worth akiwa kijana, akapiga magoti kwenye sakafu za watu hadi uzee. Kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Aliniita Mama, nami nikamwita Mzee. Alilipenda akidhani ni cheo. Chai yangu aliisema kila asubuhi, eti ni maziwa yaliyoona majani kwa mbali. Kitu alichotaka ni kimoja, aone kanisa alikobatizwa kabla hajafa. Binti yake, Carla, akakubali, nami nikaambiwa niende nao.

Kabla ya safari Mkurugenzi aliniita ofisini. "Huko hakuna nesi nyuma yako," akasema. "Kila anaposimama, mkanda. Familia ikisema nini, mkanda." Nikatia sahihi.

Mji wenyewe umebandikwa mlimani kama viota vya mbayuwayu. Mzee alinieleza kwamba zamani tetemeko liliuangusha wote, mababu zao wakaujenga upya kwa mtindo wanaouita baroko. Baroko, nilivyoielewa mimi, ni ukuta usioachwa wazi hata upana wa kiganja. Malaika wanono, mizabibu ya mawe, nyuso zinazotoa ulimi chini ya roshani. Makanisa niliyahesabu tisa, na watu niliowakuta ndani yake wote pamoja wasingejaza kanisa letu moja la Arlington. Juu kabisa kuna magofu ya watu wa kale zaidi, viti vya mawe vilivyochongwa duara mlimani, walikokuwa wakikaa kutazama michezo. Carla alipiga picha kila jiwe. Mimi nilitazama chini, miguuni pa Mzee. Kiti cha magurudumu hakina kazi kwenye mawe yale, na mji wote ni ngazi.

Siku ya tatu tukafika kwenye kanisa la ubatizo wake. Ngazi pana, zimesuguliwa na miguu ya vizazi mpaka zinateleza kama sabuni. Tulipanda moja moja, mimi nyuma, mkanda mkononi, Mzee akihema na kucheka. Tulipofika mlangoni akageuka kuutazama mji. Carla akashuka ngazi chache na simu yake.

"Mama, mfungue hicho kitu," akasema. "Kwenye picha ataonekana kama mbwa."

Nikamwambia siruhusiwi.

"Ni dakika moja tu. Ni baba yangu."

Mzee mwenyewe akanitazama. Nilimwona anavyotamani kusimama mbele ya kanisa lake bila kushikwa na mtu. Nikafungua. Nikasogea pembeni hatua mbili nisitokee kwenye picha.

Alinyanyua mkono wake mzima kumwonyesha Carla nyumba waliyokuwa wakikaa, na mguu wa kushoto ukamkana. Hatua zile mbili sikuwahi kuzirudisha. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa, nikawa nasema, "Sorry, Mzee, sorry, sorry."

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole, hata kama uko ng'ambo ya barabara na hujamgusa. Sisi Wakenya tukiingia kwenye Kiingereza tunaiweka sorry mahali pa pole bila kufikiri. Mmarekani akiisikia, anasikia mtu anayekiri kosa. Carla alisikia hivyo.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua katika hospitali ndogo chini ya mlima, kisha kifua kikajaa, kama kinavyowajaa wazee wanaolazwa. Nilimgeuza kila saa mbili, manesi wa pale wakinishangaa. Mchana mmoja Carla alipokwenda kutafuta chakula, Mzee akafumbua macho.

"Mama," akasema, "mkono wako ulikwenda wapi?"

Nikamwambia sorry. Hiyo haikuwa pole.

Akafa siku ya tisa.

Tuliporudi, Carla alimwandikia Mkurugenzi kwamba mwangalizi alikiri kosa papo hapo, mbele ya watu. Habari ya picha hakuigusa. Nikaitwa ofisini, katibu kando akiandika. Kosa likithibitika, cheti kinakwenda, na mtu wa kunipa mgonjwa mwingine nisingempata. Cheti kile ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa kwa kusoma.

"Ulisema sorry?"

Nikasema ndiyo, nikamweleza pole ni nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amefanya kazi na Wakenya wengi. "Kwa hiyo ilikuwa huruma, si kukiri," akasema polepole, kama anayekushikia mlango upite. "Tuandike hivyo. Kuna kingine?"

Ningenyamaza, ningetoka na cheti changu. Carla asingeitaja picha, maana picha ingemtaja yeye. Lakini lile swali la Mzee nilikuwa nimetoka nalo hospitalini na lilikuwa bado halijaniacha.

"Mkanda niliufungua mimi," nikasema. "Binti aliniomba, lakini mikono ni yangu."

Mkurugenzi akavua miwani. "Sasa siwezi kukusaidia."

"Najua, madam."

Moraa siku hizi anasomea uuguzi. Aliponisikia alinijia juu kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba nilikuwa nimeshashinda, kwa nini nikafungua mdomo. Nikamuuliza mimi nilikuwa nimemshinda nani, na Mzee amezikwa.

Sasa niko nyumbani. Cheti sina, lakini kazi ninaijua, na wasichana wa kanisani, Wakenya na Wakongo, huniita Shosho, yaani bibi, na huja kwangu kabla hawajaanza ajira. Nawafundisha kugeuza, nawafundisha kuosha. Siku ya mkanda mmoja anakuwa mzee, mwingine anamshika, wanatembea sebuleni, nami nawaambia kabisa: usifungue, hata aombe nani. Wanaitikia. Halafu nakaa kwenye kochi, nanyanyua simu yangu, nasema kwa upole, "Mfungue kidogo, mwanangu, nipate picha nzuri."

Hadi leo wote wamefungua. Nikiwauliza kwa nini, jibu lao ni lile lile.

"Lakini Shosho, ni wewe uliyeomba."