Kitabu cha Bega la Mama Mkwe

Mwaka wa embargo, nchi jirani zilipoifungia Burundi biashara, mama mkwe wangu aliishi nasi Bwiza, mtaa wa Bujumbura, katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Uvira vita vilipoanza upande ule, akiwa amebeba begani kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kwa miguu hadi Gatumba. Wengine walikimbia na magodoro, wengine na mbuzi. Yeye alikimbia na cherehani, na alipofika kwetu cherehani ilikuwa nzima ila bega lake la kuume lilikuwa limekufa.

Sitii chumvi. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua, ukagoma. Kula alikula kwa mkono wa kushoto, kufagia alifagia, kutugombeza alitugombeza bila shida yoyote. Kilichomshinda ni kufunga kitambaa cha kichwa, maana kazi hiyo inataka mikono yote miwili ikutane nyuma ya kisogo. Mke wangu alimfunga asubuhi kabla ya kwenda kwenye biashara yake ya mawese, na alimfunga haraka haraka kama mtu anayefunga gunia la makaa. Mama alishinda siku nzima kitambaa kikiwa kimeangukia jicho moja.

Ni lazima mjue kwamba huko Uvira alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kitambaa chake kilijulikana. Alikuwa na mtindo wake, ncha mbili zimesimama juu, na wanawake wazima walimwiga wakashindwa. Bujumbura alikwenda kanisani mara chache na kile cha gunia la makaa, kisha akasema haendi tena.

"Mutu mwenye anafungwa kitambaa na mutu mwingine ni maiti," alimwambia binti yake. "Siku mutakuwa munanifunga ninyi, mujue mumekwisha kunizika."

Tangu hapo hakuvuka lango la ua. Iliniuma kumwona vile. Iliniuma pia kwa sababu mwanamke wa namna ile akikaa ndani kutwa, wa kwanza kujua ni mkwe wake: viatu vyangu vilihamishwa, redio yangu ilipunguzwa sauti, na mtindo wangu wa kunywa chai ulisikitikiwa kupitia kwa binti yake.

Daktari aliyemtazama alisema bega limejifunga. Lilitaka kukandwa na kunyooshwa polepole, kila siku, kwa miezi, na likiachwa litabaki hivyo mpaka kaburini. Tulipomuuliza ni nani anayefanya kazi hiyo, akasema aliyekuwa akiifanya amekwisha kuondoka nchini. "Tafuteni namna," akatuambia.

Namna niliiokota Asiatique, mtaa wa maduka. Nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja huko, na duka lilifunguliwa nusu siku tu kwa kuwa vitambaa vyenyewe havikuwepo. Njiani palikuwa na mtu aliyetandaza chini vitabu vya wageni walioondoka kwa haraka Kiriri, kule mlimani kwa matajiri. Kati ya kitabu cha mapishi na kitabu cha kulea mbwa, nikakuta kitabu cha Kifaransa cha kufundisha kukanda mwili na kujinyoosha, chenye picha na mishale, na sura nzima juu ya bega. Nilikwenda nacho nyumbani nikijiona mganga.

Shida ya kwanza ilikuwa picha. Mwanamume wa kwenye kitabu hakuvaa kitu isipokuwa chupi ndogo, na kurasa nyingine alikuwa amegeuka, hata hiyo chupi hana. Mke wangu alifungua, akafunga.

"Unataka kumuonyesha mama yangu huyu mutu?"

Akachukua kalamu ya Bic, akakaa mkekani, akaanza kumvalisha. Ukurasa kwa ukurasa alimshonea suruali, shati la mikono mirefu, na pale alipomwonea huruma zaidi alimwongezea tai. Alifanya kazi safi. Alipomaliza hukuona ngozi, wala hukuona msuli, wala mshale hata mmoja. Mtu wa sura ya bega sasa alifanana na karani wa benki anayesimamisha teksi.

Picha zikawa zimekufa hivyo, yakabaki maandishi. Na maandishi yalikuwa ya Kifaransa, na katika nyumba ile msomaji wa Kifaransa nilikuwa mimi.

Hapo ndipo shida kubwa ilipoanza. Kwetu sisi, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake. Hali naye sahani moja, hakai naye kiti kimoja, hamkazii macho, na mbele yake hataji kiungo chochote kilicho chini ya shingo. Sasa hebu soma kitabu cha kukanda mwili bila kutaja mwili.

Tulitumia pazia lililogawa chumba chake na sebule. Mchana, nikirudi dukani, yeye alikaa kitandani upande wake, mimi kwenye kigoda upande wangu, nikasoma kimoyomoyo, nikatafsiri kwa sauti. Ili lawama isiniangukie, kila sentensi niliitanguliza kwa "kitabu inasema".

"Kitabu inasema, mama, weka vidole pale nyuma, pale kamba ya mubeleko inapita ukibeba mutoto."

"Nimeweka."

"Inasema ukande polepole, ukizunguka."

"Niko nazunguka."

"Sasa ushuke kidogo, mpaka pale..." Hapo nikakwama. Kitabu kilisema kwapa. "Mpaka pale unabanaka Biblia ukienda kanisa."

Mama akasema taratibu kutoka upande wa pili, "Mi sibanake Biblia pale. Nabebaka mu kikapu."

Mbavu zilikuwa "pale shati inakuwaka na mufuko". Kifua nilikiruka, nikamwachia Mungu. Kuhusu pumzi nilikuwa huru zaidi, kwa kuwa pumzi haina aibu, nikasoma sura nzima ya kupumua kwa sauti ya mchungaji, kuvuta, kushikilia, kuachia. Nilipofika mwisho nikauliza kama amejisikia vizuri. Nilijibiwa na sauti yake kutoka uani, akigombana na jirani juu ya kuku. Sijui alikuwa ametoka saa ngapi.

"Uiambie kitabu," alisema aliporudi, "mi nilianza kupumua siku nilizaliwa."

Lakini alikitii. Alikuja kukiheshimu kitabu kuliko alivyoniheshimu mimi, mpaka nikapata wazo la kukiongezea maneno. Siku moja nikasema kitabu kinasema mgonjwa apunguze chumvi katika sombe, yale majani ya muhogo tunayotwanga. Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia:

"Kitabu ya Wazungu inajua sombe?"

"Imeandikwa tu, mama, mu ukurasa ya chini."

"Basi iambie ikuje kupika."

Sikurudia. Kumbe pia hatukuwa peke yetu. Ukuta wa nyumba zetu ulikuwa mwembamba, na yule jirani mwenye kuku, mama mmoja mnene aliyeuza mandazi, alinisimamisha asubuhi moja bombani. Alisema jana nilisoma mbio mno, yeye na dada yake hawakuwahi kumaliza upande wa kushoto. Akaomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na tangu siku hiyo nilifundisha bega la mama mkwe na mabega mengine manne nisiyoyaona.

Mkono ulianza kusikia. Uliacha kifua, ukafika kidevuni, na siku mama alipojishika sikio mwenyewe mke wangu alilia, nami nikatoka nje nikajifanya naangalia hali ya hewa.

Kisha kitabu kikafika sura ambayo mgonjwa hawezi kuendelea peke yake. Mtu mwingine alitakiwa kuushika mkono na kuupandisha, kidogo kidogo, kila siku bila kukosa, la sivyo bega lingejifunga upya. Kazi hiyo aliichukua mke wangu. Alikuwa na mikono ya kuinua madumu ya mawese, na alimwinua mama yake kama dumu. Tulisikia vilio, tukasikia mama akitaja majina ya wahenga wake wote, lakini siku hadi siku mkono ulisogea.

Halafu mke wangu akavuka kwenda Uvira kufuata mawese, na nyuma yake mpaka ukafungwa. Alituma salamu kwamba ni mzima, amelala kwa shangazi yake, atarudi ukifunguliwa. Siku ya kwanza mkono haukunyooshwa. Siku ya pili mama aliongea kutoka nyuma ya pazia.

"Mukwe, kitabu inasema nini juu ya kukosa siku?"

"Inasema isikose, mama."

"Na inasema nini juu ya bukwe, juu ya mukwe na mama mukwe?"

"Haisemi kitu."

"Ndiyo shida ya ile kitabu," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Niliogopa. Nilimwona akirudi kwenye gunia la makaa maisha yake yote, kwa ajili ya heshima yangu.

Nikachukua mti wa fagio. Nikaupitisha juu ya pazia, yeye akashika ncha yake, mimi yangu, nami nikasukuma juu taratibu. Mkono wake ukapanda na mti, na mila haikuvunjika, kwani kati yetu palikuwa na fagio zima. Tulifanya hivyo kila mchana, mimi nikiuliza "Hapa?" naye akijibu "Kidogo tena." Lakini mkono ulifika juu kidogo ya sikio, ukakataa. Sikuwa na nguvu za mke wangu, au sikuwa na ukatili wake. Siku zilipita, mkono uko palepale sikioni.

"Akili ya kitabu imefika mwisho," mama alisema mchana mmoja.

Nilikuwa bado nimeshika fagio risasi zilipolia. Kusikia risasi mchana halikuwa jambo geni, zililia upande wa milimani na tuliendelea kusonga ugali. Hizi zilikuwa karibu, nyuma ya barabara yetu. Tulijua la kufanya, kulala chini mbali na dirisha. Mama alijiangusha bila kuachia mti, na mti ukavuta pazia, na pazia likatuangukia sote wawili. Nilipojitoa humo nikajikuta kifudifudi sakafuni, na mama mkwe wangu kifudifudi nyuma kidogo ya bega langu, hakuna hata uzi kati yetu.

Nikaona kitabu. Kilikuwa kimeteleza mpaka chini ya dirisha, kimefunguka kwenye karani wetu wa benki. Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri kikipotea nitapata wapi kingine, na nikainua kichwa ili nikifuate.

Kiganja kikanishuka utosini, kizito, kikanisukuma mpaka pua ikagusa saruji.

"Lala, mutoto wangu," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Tulilala vile, risasi zikipita, na kiganja chake kilikuwa cha moto na kilinuka sabuni ya mawese, nami nilikuwa natetemeka na sikuona haya kutetemeka. Taratibu risasi zikasogea mbali, zikabaki za mojamoja, zikaisha. Kiganja hakikuondoka. Hapo ndipo nilipogeuza jicho na kuona ni mkono upi ulionyooka moja kwa moja kutoka begani, ukapita sikio lake, ukapita kichwa chake chote, mpaka kwangu.

"Mama," nikanong'ona, "ni mukono ya kuume."

"Najua. Nyamaza. Nikiuondoa sijui kama utapanda tena."

Jirani wa mandazi akapiga ukuta kwa ngumi, akauliza kwa sauti ya kulia kama bado tuko hai.

"Tuko," mama akajibu, mkono wake bado kichwani kwangu. "Tuko mu mazoezi. Na siku ya Mungu unipitie, twende kanisa."