Maharagi ya Mama Virginie

Kwetu Bulengera, kama mutu anakufa ya tumbo, hapana ugonjwa: ni karuho, sumu ya mu sahani. Baba yangu alitosha damu mu choo mupaka akakufa. Yaya yake, mukubwa wake, akafuata vilevile. Jamaa yote ikaangalia mama yangu Virginie, binti ya Masereka, juu yeye njo alikuwa anapika. Tangu pale alipashwa kuonja kila chakula mbele ya wageni, na hata vile balisema beko na shiba. Shiba gani? Maharagi ya mama unalamba mupaka chungu!

Halafu mu 2001, mu vita, damu ikaanza ku miye, Vagheni. Baba mudogo Josaphat akasema wazi: "Huyu mutoto akikufa, Virginie atatoka mu parcelle, mu kiwanja ya jamaa." Mama akafunga maharagi mu kitambaa, tukapanda camion ya kwenda ku hôpital ya Beni.

Ku barrière ya barabara soldat moja ya kutoka mbali, asiyejua habari yetu, akaona ile chakula. Hakuomba, hakungoja mutu aonje. Akakula yote, akauliza kama iko ingine. Miye nilikasirika, njaa ilikuwa inaniuma. Mama, yeye, alicheka mupaka machozi. Miaka mingi hakuna mutu alikula kwake bila woga.

Ku hôpital docteur akaniangalia ndani, akakuta tuvimbe tumejaa mu utumbo kama uyoga ku muti ya kuoza. Akauliza nani mwengine alikufa vile. Mama akataja baba na yaya yake.

"Na babu?"

Babu, baba ya baba yangu, alikufaka na damu kule Luofu, wakati mama angali mutoto ya mugongo, ile jamaa hata hajaijua.

"Basi haikutoka mu sahani, mama. Iko mu damu ya kizazi, mubaba anaachia mutoto. Ukiiacha, inageuka kansa."

Bakanipasua, bakatosha utumbo munene. Leo ninakimbia choo kila saa, lakini niko muzima. Nashukuru Mungu, nashukuru docteur, hata ule soldat mulafi.

Tukiisha kurudia, Josaphat akakuja kusikiliza. Mama akamuelezea byote bila hasira, akamuomba aende kupimwa, yeye na batoto yake. Kisha akaleta maharagi, akakamata kijiko ya kuonja, kama kawaida yake.

Josaphat akamushika mukono. "Shemeji, acha."

Akakula yeye wa kwanza.