Mwanya Kati ya Mbao

Mama alipotuacha mwaka jana, niliamua Baba hatabaki peke yake Mutuini. Sikumuuliza. Nilisafisha chumba cha wageni kwangu Riruta, nikatundika mapazia mapya, halafu nikampeleka Mombasa kwa treni ili nimlainishe kwanza. Mkono mtupu haulambwi, na safari ile ndiyo ilikuwa asali yangu.

Baba ni seremala wa vitanda. Bahari haikumshughulisha hata kidogo. Alitaka kuona karakana ya zamani ya manowari, inayopokea wageni siku hizi, kwa sababu alisikia mafundi wa pale bado wanaunda vyombo vya baharini vya mbao kwa njia ya kale. Tulikuta kimoja juu ya magogo, nusu kimeshapigwa mbao, nusu mbavu ziko nje kama ng'ombe wa kiangazi. Baba akapitisha ukucha kati ya mbao mbili. Ukucha ukazama.

"Fundi, hii ni kazi gani? Mbao hazijashikana! Kwetu mteja angekurudishia."

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Mzee wangu, tumeacha makusudi. Ubao ukinywa maji hufura. Tukizibana sana leo, kesho zitasukumana zipasuke."

Akatuonyesha wanavyotia kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwenye ule mwanya, maji yasipite. Akampa Baba nyundo. Baba alishindilia polepole, ncha ya ulimi nje. Tangu mazishi sikuwa nimemwona ameshika kifaa cha kazi. Nilimpenda sana wakati ule.

Kwenye treni ya kurudi nikamwambia chumba kiko tayari, ahamie. Alinigeukia.

"Mapazia ni ya rangi gani?"

"Kijani. Ile Mama alikuwa anapenda."

"Asante. Nitakuwa nakuja Jumamosi, nalala." Akanishika mkono. "Lakini kile kitanda nilitengenezea mama yako kiko Mutuini. Niachie mwanya, mtoto wangu."

Nilinuna hadi Nairobi.

Jumamosi alikuja na randa ndani ya mfuko wa sokoni. Kabla hata ya chai aliung'oa mlango wa kile chumba, ambao hubana kila mvua ikinyesha, akaupunguza kidogo chini. Alilala fofofo. Jumapili jioni aliufungua mlango ule, haukubana, akaniambia anaenda nyumbani. Nililia kidogo jikoni, kisha nikamfungia chapati.