CD Sita za Gemu Moja

Nina CD sita za gemu moja. Siyo gemu sita, moja. Nikizipanga mezani mtu anaweza kudhani nimechanganyikiwa, na hapa mtaani kwetu Chanji wapo wanaodhani hivyo, wananisalimia kwa upole kama mgonjwa aliyetoka wodini.

Gemu lenyewe ni la zamani, la ile mashine ya kijivu ya kuchomeka kwenye TV ya chogo. Siyo la mpira wala la ngumi. Ni la safari. Kijana anatoka kijijini kwao na upanga wa mbao, anakutana na wenzake njiani mmoja mmoja, wanapigana na mazimwi, wanalala nyumba za wageni, na kila wanayemkuta ana maneno mengi ya kusoma. Kulimaliza ni kazi ya miezi. Watoto waliokuwa wanakuja kwenye banda letu la kuchezesha gemu hawakulitaka hata kidogo. Waliliita gemu la mtihani.

Banda lilikuwa la kaka yangu. Mabati, mabenchi mawili, TV mbili, basi. Asubuhi watoto wakiwa shule anaweka CD yake, anacheza. Mama anakuja na ungo wa ulezi, anakaa benchi la nyuma anatoa mawe, na kaka anamsomea yanayosemwa kwenye TV. Kiingereza kinaingia, Kifipa kinatoka. Sijui alikuwa anatafsiri au anatunga. Kuna zimwi moja alilipa sauti ya balozi wetu wa nyumba kumi, mama akacheka mpaka ulezi ukamwagika.

Gemu hilo unawapa watu majina unayotaka. Yule kijana wa upanga kaka akampa jina lake mwenyewe. Mwanamke anayewaponya wenzake akampa jina la mama. Mimi nikapewa kiumbe kifupi chenye manyoya, kazi yake kuiba vitu kwenye mifuko ya maadui.

"Braza, yaani mimi ndo panya?"

"Siyo panya. Soma hapo."

"Nisome nini? Wenzangu walilimaliza la saba, mimi lilinimaliza lenyewe."

"Basi ni panya," akasema.

Nikamgeukia mama anitetee. Akakiangalia kile kiumbe, akaniangalia mimi, akasema macho yanafanana.

Kila walipofika mahali, kaka alikuwa anasevu kwenye memori kadi, kile kidude cha plastiki kinachochomekwa mbele ya mashine. Safari yote na majina yote yalikuwa humo.

Halafu kila mtoto akawa na simu ya kuchezea gemu, banda likalegea. Kaka akaanza kushuka bondeni Muze kufuata mpunga. Siku ya mwisho aliondoka na ile CD kwenye begi, maana akiiacha watoto wanaikwaruza kama sahani ya kulia. Lori alilopanda likashindwa mteremko wa kuingia bondeni. Walioleta begi walilileta na shati moja ndani. CD hatukuiona tena. Memori kadi ilikuwa imebaki kwenye mashine.

Msiba sitausimulia. Watu walilia, wakala, wakarudi makwao.

Mama alikuja bandani baadaye, na ungo wake, hauna kitu ndani. Akakaa benchi lake la nyuma.

"Wale waliishia wapi?" akauliza.

"Wale nani, mama?"

Akanyoosha kidole kwenye TV. "Sisi."

Ile mashine ukiiwasha bila CD inakuonyesha yaliyomo kwenye kadi. Kulikuwa na picha ndogo ya upanga, inatikisika tikisika kama kitu hai. Ndiyo safari yetu hiyo. Unaiona, ila kuifungua lazima uwe na CD ya gemu. Nikamwambia mama hilo dogo, CD nitatafuta. Mimi na mdomo wangu.

Ya kwanza ilikuwa ya kuchoma, imeandikwa kwa maka peni, ikagoma kabla hata gemu halijaanza. Ya pili ilitoka Kongo, ikavuka ziwa, ikapandia bandari ya Kasanga mpaka mjini, ni ya Kifaransa. Hiyo ikacheza vizuri kabisa, ila ikasema kwenye kadi haioni safari yoyote. Nikampelekea fundi, yule aliyeifanya mashine yetu ikubali CD za nchi zote. Akacheka.

"Gemu hili lina matoleo, bwana. Kuna la Marekani, kuna ya Ulaya kila lugha na lake, kuna la Japani. Stori ileile, ila kila toleo linasoma vya kwake tu. Ni kama kadi ya kliniki, ukienda nayo zahanati nyingine wanakwambia hatukujui."

"Sasa la kaka lilikuwa lipi?"

"Si ulikuwa unakaa naye, wewe?"

Nilikuwa nakaa naye, ndiyo. Nilikuwa naangalia panya.

Ya tatu ilitoka kwenye belo la mitumba, ipo ndani ya mfuko wa koti, Kijerumani. Ya nne nikaipata kwa mzee mmoja mwenye duka la redio na nyaya mjini, anayefuata mzigo Tunduma na Dar. Hiyo ilikuwa ya Kiingereza, na mchoro wa juu uleule niliokuwa naukumbuka. Nilitembea nayo kutoka dukani nimeishika kwa mikono miwili kama Padre na Ekaristi. Ilikuwa ya Kiingereza cha Ulaya. Haikuona kitu.

Kila moja ikishindwa, mama anauliza, "Yupo?" Natoa CD, naangalia kadi, upanga unatikisika. "Yupo, mama." Anarudi kwenye kazi zake. Ikawa hata siku zisizo na CD mpya anapita mlangoni na ndoo kichwani, anauliza tu. Yupo? Yupo.

Ya tano ilitoka Japani. Yule mzee wa duka aliikuta kwenye kiboksi cha mbele cha gari alilonunua, bado na vumbi la mwenye gari wa kwanza. Nilijua kabla ya kuiweka kwamba haiwezi kuwa yenyewe.

"Mama, kaka hakuwahi kucheza kwa Kijapani hata siku moja."

"Na hao wa kwenye TV walikuwa hawajui Kifipa, akawaongelesha. Jaribu."

Nikaichomoa kadi, nikaipangusa na shati, nikairudisha. Pedi nikampa yeye. "Shika wewe, mikono yangu ina gundu."

Ikatokea sanduku jeusi lenye maandishi kama kuku kapita kwenye majivu, na chini mistari miwili ya kuchagua. Sasa, kwenye CD zangu zote zilizokubali kucheza, kitufe cha msalaba ni kukubali na cha duara ni kukataa. Na kitu usichokielewa unakikataa, hata mtoto anajua.

"Bonyeza duara, mama."

Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima ugali kama umeiva. Kukawa na mstari unajaa kuelekea kulia. Ukajaa. Yakaja maneno mafupi, na gemu likaanza kupiga muziki wake.

"Yupo?"

Nikatoa CD, nikaangalia kadi. Ilikuwa miraba mitupu, yote.

Fundi ndiye aliyenieleza. Kwa Wajapani ni kinyume, duara ndilo la kukubali. Mashine iliisoma kadi vibaya, labda kwa uchafu, ikauliza kwa adabu, kadi hii siielewi, niifute? Na mama akaijibu kwa adabu.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Nilimwambia tu, "Hayupo, mama."

Akaiangalia pedi mikononi mwake. Akaiweka kwenye benchi kama anayelaza mtoto.

"Ni mimi?"

"Hapana. Ni Wajapani."

Ndiyo utani pekee niliokuwa nao. Hakucheka. Alisema, "Hawakujua," akachukua ungo akatoka.

Sikumwambia mzee wa duka aache kutafuta. Nilisahau, au nilikuwa nampita mbali. Siku moja akaniita kwa kupiga makofi kutoka ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanikimbia, nakudai? Nimekupatia. Ya Kimarekani hii, mwanangu kaihangaikia Dar mpaka kaipata."

Akaitoa kwenye gazeti. Nikaigeuza. Nyuma ya kava lake, pembeni, kulikuwa na mstari wa njano, na hapo hapo nikaukumbuka, nikauona ukiwa chini ya dole gumba la kaka. Ndiyo yenyewe.

"Hufurahi?" mzee akauliza. "CD sita za gemu moja. Kama mtu ana redio sita anasikiliza taarifa ya habari ileile."

"Nafurahi, mzee. Uso wangu tu ndo unachelewa."

Banda tulishalivunja, mabati yakauzwa, mashine ipo sebuleni juu ya kabati. Nikaiweka CD. Mama akasikia muziki akaja kutoka jikoni, kitambaa begani, akasimama mlangoni. Gemu likauliza kama naendelea na safari au naanza upya. La kuendelea lilikuwa limefifia, halibonyezeki. Nikaanza upya. Likauliza jina la kijana. Nikaandika jina la kaka, herufi moja moja, sikukosea hata moja.

Akatokea kijijini kwao, amesimama mbele ya nyumba na upanga wake wa mbao. Peke yake. Watu wengine wote wako mbele huko, hajaanza hata kuwatafuta. Mama akamwangalia kwa muda.

"Huyu bado hatujui sisi," akasema.

"Tutamkuta mbele, mama. Wewe upo mji wa tatu. Mimi mbele zaidi, naiba."

"Sisi tulishakuwa naye." Akajifuta mikono kwenye kitambaa. "Zima, umeme unakwisha. Na maharage yanaungua."

Nikazima. CD nikairudisha kwenye gazeti lake, nikaipanga na zile tano.