Kokoto Juu ya Jabali

Fundi wa visima alikuwa na mazoea ya kulamba udongo. Kila ndoo ilipojaa alichota kidogo, akauonja, akautema, ndipo akaruhusu ivutwe. Kila alipofikia tabaka jipya aliliamkia kama mkubwa wake. "Shikamoo," sauti yake nzito ilipanda kutoka shimoni, na wanawake walioshika kamba wakamjibu kwa kicheko, "Marahaba, mwanetu! Tupe maji basi!" Walikuwa wamehamishiwa kijiji hicho kipya miezi mitatu nyuma, mashimo mawili yalikwisha kutoka makavu, na bado walibeba maji kichwani kutoka stesheni ya Igalula.

Siku hiyo, zilipokwisha kokoto, fundi hakuamkia. Mwanahawa, aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba, aliinama. "Fundi, kulikoni?" Alimwona amebandika kiganja ukutani mwa shimo, kidole gumba kwenye kokoto, kidole cha mwisho kwenye jabali laini kama jiwe la kusagia.

"Dada, jabali hili limewahi kunyeshewa mvua," alisema. "Lilikuwa juu, juani, kama sisi. Kati yake na kokoto hizi ilipita miaka isiyohesabika, na udongo wake wote ukasombwa. Haukubaki hata unene wa ukucha."

"Na maji je?"

Akabandua kiganja. Kilikuwa kinachuruzika. Vigelegele vilipasuka, ndoo zikagongwa, na ni Mwanahawa peke yake aliyemsikia fundi akiomba, kwa sauti ndogo, wamtoe humo upesi, atoke kwenye ile miaka isiyohesabika.