Ndimu kwenye Uso wa Marumaru

Jamani, msinisifie marumaru. Nimeyasugua mpaka vidole vikatoka damu. Karakana ya baba ilikuwa nyuma ya soko, Nyamagana, na kazi yetu ilikuwa kunakili sanamu maarufu za Ulaya kwa ajili ya makanisa. Baba anachonga, mimi binti yake nasugua.

Enzi hizo mgambo walikuwa wakikamata watu wasio na kazi mjini na kuwapeleka vijiji vya ujamaa. Oda zetu zilikuwa zimekauka. Kulima hatukuogopa, lakini mama alikuwa na kifua kikuu, anachomwa sindano hospitalini. Kijijini kwetu, mbele ya Misungwi, zahanati ilikuwa kuta tupu. Kurudi huko ni kumzika.

Ndipo padre mmoja akatuagiza ile sanamu ya Roma, Bikira Maria amempakata Mwanae aliyekufa. Akiipenda, tunapata kazi za parokia, na yeye anatusemea tubaki mjini. Jiwe lilitoka Morogoro kwa treni. Baba alichonga, nikasugua kwa msasa na maji mpaka uso wa yule Mama ukang'aa kama yai lililomenywa. Msasa laini ukaishia hapo, na madukani haukuwepo hata wa dawa.

Asubuhi ya kukabidhi, mimi na baba tulikwenda kutafuta mkokoteni. Huku nyuma mama akaona masizi ya jiko kwenye shavu la sanamu. Sabuni ilikuwa imeadimika mji mzima, sufuria tukisugulia ndimu na majivu. Akakamua ndimu, akaipaka sanamu nzima, kwa mapenzi kabisa.

Loo! Ndimu inakula marumaru. Tuliporudi, uso ule ulikuwa umefifia, una michirizi kama ukuta wa chokaa ulionyeshewa. Nikafungua mdomo nipige kelele. Baba akanifinya mkono hasa.

"Nimewasaidia kidogo, jamani," mama akasema, anatabasamu.

Padre aliitazama sana, akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia hivyo hivyo.

Haukupita muda, mgambo wakatupakia kwenye lori la kuturudisha kijijini. Tulipopita Usagara, mama akauliza kwa nini padre aliikataa.

"Jiwe lilikuwa bovu, mama watoto," baba akajibu. Mimi nikageukia nje, nalia.

Mama akakohoa, akajifuta mdomo kwa khanga. "Nilijua tu," akasema. "Maana kuisafisha, niliisafisha vizuri."